Jibu: Mlingoti wa 430 kwa tanga la mita za mraba 5.3

Habari ndugu. Umeuliza iwapo mlingoti wako wa sentimita 430 wa ubao wa tanga (windsurf) utafaa tanga linaloagiza wa 400.

Anza na urefu wa ukingo wa mbele uliochapishwa kwenye tanga lenyewe: ukiwa 424, mlingoti wa 400 hukamilishwa na kiungio cha chini cha sentimita 24, ilhali wako umeshazidi bila kiungio chochote. Kuchomoza juu si kosa kubwa iwapo kilele kina mkanda wa kurekebisha. Kinachonitia shaka zaidi ni ugumu, kwa kuwa milingoti ya 430 kwa kawaida huwa na IMCS (kipimo cha ugumu wa mlingoti) ya 21 na ya 400 huwa 19, hivyo tanga hukataa kulegea juu upepo unapokaza. Linganisha pia aina ya mpindo, yaani jinsi mlingoti unavyopinda, na ile inayotakiwa na tanga. Asilimia ya kaboni iliyomo kwenye mlingoti itazame mwisho.