Maswali yenu: sekunde moja ya afande, na hasira zetu kwa wakubwa

Tangu maandamano ya Juni 2024 barua zinazokuja hapa zimebadilika. Zamani ilikuwa mashamba na ndoa, siku hizi ni risasi, wabunge na watoto ambao hawakurudi nyumbani. Leo nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndio nzito.

Dada, mimi ni askari na sitataja station yangu. Kila mtu anatuita wauaji. Hamjui vile mawe hukuja kutoka pande zote, mwenzako ameanguka, moshi umejaa machoni, redio inapiga kelele na uko na sekunde moja tu ya kuamua. Ukichelewa unakufa, ukifyatua unaenda jela. Mnataka tufanye nini? – Afande, Bonde la Ufa

Ndugu yangu afande, asante kwa kuandika, najua ukigundulika unaandikia gazeti unaweza ukapewa transfa kesho asubuhi. Na siwezi kukuambia hofu yako ni ya uongo, jiwe moja linapasua fuvu, bomu la petroli linachoma mtu mzima mzima, na kuna wenzako wametoka kwa maandamano na vilema vya maisha.

Lakini hiyo sekunde moja ndio nataka tuiongelee, kwa sababu naona imekuwa mlango ambao wakubwa wote wanatokea kimya kimya halafu wanakufungia wewe ndani.

Hii hoja ya sekunde moja imepata nguvu sana huko Marekani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya kule iliamua kesi ya Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari wa Charlotte. Sukari ilikuwa imemshuka, akaingia dukani kununua juisi ya machungwa, akaona foleni ni ndefu akatoka mbio, askari alipomwona anatoka mbio akashuku kuna kitu, wakamsimamisha na kumtia pingu, mpaka akavunjika mguu. Hakuwa ameiba hata peremende. Majaji wakasema askari apimwe kwa vile askari mwenye akili timamu angeona pale pale kwenye tukio, sio kwa macho ya mtu aliyekaa ofisini baadaye, maana wakati mwingine analazimika kuamua kwa sekunde. Kimsingi sina ugomvi na hilo, hakuna mtu anataka ahukumiwe kwa vitu ambavyo hakuweza kuviona.

Shida ni kwamba ukiangalia sekunde peke yake huoni aliyeitengeneza. Novemba 2014 huko Cleveland mtoto wa miaka 12 alikuwa anacheza na bunduki ya bandia kwa park. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni mtoto tu na bunduki huenda ni feki, lakini aliyepokea simu hakuwapa askari hiyo habari. Gari la polisi likaendeshwa mpaka karibu kabisa na mtoto na ndani ya sekunde mbili alikuwa amepigwa risasi, akafa. Hakuna aliyeshtakiwa. Sasa niambie, uamuzi ulifanyika kwa hizo sekunde mbili? Ulifanyika kwa simu, ukafanyika tena kwa usukani, wangesimama mbali wakajikinga nyuma ya gari na kumwita yule mtoto wangekuwa na dakika nzima.

Turudi kwetu Kenya. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakavunja uzio wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi barabarani. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu vifo 39 nchi nzima, na hesabu ikaendelea kupanda baadaye. Sawa, askari aliyekuwa kwa geti la bunge alikuwa na sekunde yake, lakini nani aliwapa watu risasi halisi asubuhi kwenda kusimamia vijana waliobeba simu na chupa za maji? Nani aliruhusu watu wasio na sare, nyuso zimefungwa, washike bunduki katikati ya mji? Hayo hayakuamuliwa kwa sekunde, yaliamuliwa kwa mkutano, watu wakiwa wamekaa.

Na sheria yako unaijua, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita. Njia zisizo za nguvu kwanza, nguvu ilingane na hatari iliyopo, bunduki ni pale njia nyingine zote hazitoshi, utoe onyo linalosikika isipokuwa kutoa onyo kutahatarisha maisha, na mtu akifa au akiumia vibaya IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi, wajulishwe. Halafu kuna kile kipengele ambacho ningependa kila konstebo akikariri kama nambari yake ya kazi, kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Yani aliyekuamuru atakuwa na wakili wake na wewe utakuwa kizimbani peke yako.

Sio maneno ya kutisha. Agosti 2014 kule Kinango, Kwale, askari waliingia nyumba ya watu usiku wakitafuta mshukiwa, wakamuua msichana wa miaka 14. Walijitetea kwamba aliwajia na panga, giza, hatari, sekunde. Mahakama Kuu Mombasa haikukubali kwamba ilibidi iwe hivyo, na Februari 2016 askari wawili wakafungwa miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia.

Kwa hivyo unaniuliza mfanye nini. Ulizeni kabla hamjapanda lori. Nani kamanda, amri iko wapi kwa maandishi, tumepewa nini cha kujikinga, kwa nini hatuna ngao za kutosha lakini risasi ziko. Juni 26, 2025 Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen alisimama mbele ya kamera akasema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Katiba kifungu cha 245 kinasema mwelekeo wowote wa waziri kwa Inspekta Jenerali ni wa mambo ya sera na uwe kwa maandishi, na hana ruhusa kabisa ya kuelekeza sheria itekelezwe vipi dhidi ya mtu fulani. Maneno ya kwa maikrofoni si amri, afande, usiue mtu kwa sababu ya maneno ya kwa maikrofoni.

Sis, mi nashindwa mbona mnalia wabunge wakichomewa mali. Hawa watu wamekula mpaka wakashiba, saa ya mkononi ya mtu mmoja inaweza nunua shamba la babu yangu na bado wanatuongezea ushuru. Matajiri wote ni adui, full stop. – Kijana wa Kisauni

Mdogo wangu, hasira yako nitaitetea mahali popote. Ule mswada ulitaka kukusanya bilioni 346 zaidi, mkate ulikuwa uwekewe VAT ya 16%, mwenye gari alipe 2.5% ya bei ya gari kila mwaka, na baadhi ya vipengele kama cha mkate waliviondoa tu baada ya watu kujaa barabarani. Kipindi hicho hicho wakubwa walikuwa wanabeba mamilioni cash kwenda nayo harambee za kanisa Jumapili. Mtu akikasirika hapo yuko sawa kabisa.

Ila angalia hii hasira imetoka wapi na nani ameshawahi kuipanda. Mwaka 2022 kampeni nzima ya William Ruto ilikuwa ni mahasla, yani wanaojitafutia riziki, dhidi ya madainasti, yani familia za watawala, wilbaro ya nembo ya chama chake kila mahali, mtoto aliyeuza kuku kando ya barabara dhidi ya watoto wa marais. Na yeye wakati huo alikuwa amekaa naibu wa rais karibu miaka kumi. Akashinda kwa asilimia 50 na kitu kidogo. Miaka miwili haijaisha ndio akawa yeye anayeitwa tajiri asiyeskia, na vijana waliokuwa wamepewa jina la hasla ndio wakapigwa risasi. Hivyo mtu akikuambia adui ni "wale wa juu" bila kukuambia atabadilisha sheria gani, atapunguza mshahara wa nani, tenda gani itawekwa wazi, jua anataka tu kukaa pale juu.

Na neno adui halibakii mahali ulipoliweka. Baada ya uchaguzi wa 2007 nchi hii ilizika watu zaidi ya 1,100, na kuna mahali ilianza hivi hivi, kwamba kuna watu wamekula peke yao. Mpaka inaisha waliochomewa nyumba ni wakulima na wenye vioski, sio hao waliokuwa wamekula. Ripoti ya tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo ikaonyesha zaidi ya theluthi moja ya waliokufa waliuawa kwa risasi, na kutoka kwa ripoti hiyo ndio tukapata msukumo wa IPOA na hiyo sheria ya polisi nimetaja hapo juu. Damu ndiyo ilinunua hizo kurasa.

Mbunge aliyepiga kura ya ndio mfuate kwa kura yake. Mpigie simu, mjulishe hutamrudisha, kusanya saini, nenda kwa CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo, uulize kila shilingi. Ukichoma supermarket yake yeye anaweza kulipwa na bima, na mlinzi wa usiku na wale wasichana wa till ndio watakosa kazi. Mswada wenyewe uliondolewa tarehe 26 Juni kwa sababu mlikuwa wengi, mko wazi, bila kiongozi wa kununuliwa na bila kabila. Nguvu yenu ilikuwa hapo, moto hata hamkuuhitaji, na nikikumbuka hiyo wiki bado nasikia fahari juu yenu.

Mimi nauza nguo mjini Nairobi. Juni 25, 2025 duka langu lilivunjwa, nikabaki na hanger. Rais aliposema wanaochoma mali za watu wapigwe risasi ya mguu nilipiga makofi. Mnatetea wezi? – Mama Nguo

Mama, pole sana, na sitetei mwizi hata mmoja. Aliyevunja duka lako ashikwe, apelekwe kortini, afungwe. Vijana waliokuja kuandamana na wale waliokuja kuvunja si watu wale wale, na juma moja tu kabla, tarehe 17 Juni, nchi nzima iliona genge la watu na mijeledi na mapikipiki wakipiga waandamanaji katikati ya mji huku polisi wako hapo hapo. Kwa hivyo swali la nani anatuma wahuni wewe mwenye duka unalihitaji kuliko mtu yeyote.

Lakini risasi ya mguu, mama, hiyo haiko. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache kabla hata hajabebwa. Halafu mguu wa mtu anayekimbia ni kitu chembamba kinachoenda mbele na nyuma, askari amechoka ana moshi machoni, akikosa risasi haipotei hewani, inaendelea mpaka ipate kitu, na nyuma ya mwizi uko wewe umeshikilia mlango. Siku ile ile ya 17 Juni muuza barakoa, mchuuzi kama wewe, alipigwa risasi kichwani na askari aliyesimama karibu naye kabisa. Alikuwa ameshika barakoa zake. Akafa tarehe 30, na askari akashtakiwa kwa mauaji. Ukiachilia risasi barabarani wachuuzi ndio wako barabarani.

Unachostahili kudai ni polisi walinde mtaa wa maduka. Siku hizo wanajaa kuziba barabara za kwenda bungeni na Ikulu na mtaa wako unabaki hauna hata askari mmoja, hilo ndilo la kupigia kelele.

Habari yako dada. Je ni lazima tupewe ruhusa na polisi ndio tuandamane? Na mtu akipigwa risasi familia ifanye nini? – Mwanafunzi, Eldoret

Ruhusa hapana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mumjulishe OCS, yani mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 kabla kwa uchache na si zaidi ya siku 14, ni taarifa sio ombi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kituo mkae nayo, na mpige picha.

Mtu akiumia, hospitali kwanza, na kila karatasi ya hospitali iwekwe, daktari aandike ni jeraha la nini na limeingilia wapi. Ripoti kituoni upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio, kisha fomu ya P3 ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha. Kama kituo ndicho kilichopiga nenda kituo kingine, au moja kwa moja IPOA, wako na ofisi hapo Eldoret. Akifa, msikubali azikwe haraka haraka hata mkiahidiwa jeneza na gari. Ombeni upasuaji wa maiti na daktari wenu awepo, IMLU, shirika la madaktari na mawakili wa haki za binadamu, wamekuwa wakisaidia familia zisizo na pesa kwa hilo. Risasi ikipatikana mwilini ni ushahidi, iandikwe nani ameichukua na saa ngapi. Nguo alizovaa msizifue, zikaushwe kivulini ziwekwe kwa bahasha ya karatasi, sio ya plastiki maana zitaoza. Na walio na video wasikimbilie tu kupost, waweke ile original kwa simu na wampe mtu mwingine nakala kabla simu haijachukuliwa.