Nimechapwa kwa fimbo zangu mwenyewe

Msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia wiki iliyopita: "Kaka, nilipimwa nikatengenezewa fimbo zangu za gofu mwaka 2019. Jamaa zangu klabuni wananiambia zimepitwa na wakati. Nibadilishe au niendelee nazo?"

Ningemjibu kwa mstari mmoja, ila ujumbe wake ulinikuta pabaya. Ulinikuta siku nne baada ya kufungwa hapa Dar, Jumamosi, mbele za watu, na kijana aliyekuwa kedi wangu, yaani mbeba begi langu la fimbo. Tulicheza shimo kwa shimo. Yamebaki mashimo matatu, yeye yuko mbele kwa manne, siwezi tena kumfikia, tukapeana mikono. Na alinifunga kwa fimbo zangu. Sisemi fimbo zinazofanana na zangu. Nasema zangu, nilizolipa mimi, zilizokatwa kwa kimo changu na mikono yangu.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mwaka 2014 nilikwenda Dubai kikazi. Mimi nina futi 6 na inchi 2, na kwa miaka saba nilikuwa nacheza seti niliyoachiwa na bosi wangu wa zamani, Mungu amrehemu, ambaye kichwa chake kilikuwa kinaishia begani kwangu. Nilikuwa nainama kwenye mpira kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Handikapu 19 (hesabu ya kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora), mgongo unauma, na kila mtu ana ushauri wake.

Mpimaji wa kule hakunishauri kitu. Alinipima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Akanipa fimbo namba saba, akabandika utepe chini yake, akanisimamisha nipige mipira juu ya ubao, huku mashine ya rada iitwayo TrackMan ikisoma kasi ya mpira, pembe unayoondokea na jinsi unavyozunguka. Kila nilipopiga aligeuza fimbo na kunionyesha ule utepe: umechubuka kwenye ncha tu. Maana yake fimbo ililala mno kwa mtu wa urefu wangu. Ncha ndiyo inagonga ardhi kwanza, uso unafunguka, mpira unakimbilia kulia. Miaka saba nilikuwa nalaumu bega.

Nikatoka na oda ya fimbo za kiwanda cha PING zenye nukta ya kijani, nusu inchi ndefu kuliko za kawaida. Hao PING wanatumia nukta za rangi kuonyesha mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi: nyeusi ndiyo ya kawaida, na kijani wakati ule ilikuwa imesimama zaidi ya nyeusi kwa nyuzi mbili na robo. Ni kitu kidogo ukikitazama kwa macho. Aliyevaa mitumba maisha yake yote kisha siku moja akashonewa suti na fundi anayejua kazi, huyo atanielewa. Ndani ya miaka miwili nilishuka hadi handikapu 11. Jina langu limeandikwa kwenye ubao wa washindi wa klabu, mwaka 2016. Anayebisha akasome.

Sasa njoo kwenye ujinga wangu.

Mwaka 2018 nilipandishwa cheo. Rafiki yangu akaja na seti mpya inayong'aa, akaanza kuniuliza kwa sauti ya huruma kama "bado" natumia zile. Hilo neno "bado" limewamaliza wengi. Safari iliyofuata nikaingia duka moja huko nje, nikapewa namba saba mpya nijaribu. Yangu ilikuwa inakwenda yadi 152. Ile ikaenda 170. Nikatoa kadi ya benki hapo hapo. Sikupimwa. Nilisema moyoni kwamba vipimo vyangu navijua, na nikachukua seti ya kawaida iliyokuwa rafuni kwa sababu ndege yangu ilikuwa usiku ule.

Yadi 18 zilitoka wapi? Siku hizo sikuuliza, leo nakwambia. Namba saba yangu ilikuwa na lofti, yaani kiasi uso wa fimbo unavyoegemea nyuma, ya nyuzi 33; lofti ikipungua, mpira unakwenda mbali zaidi. Ile mpya ilikuwa 29, na shafti yake, yaani mpini, ndefu kidogo. Nililipa pesa ndefu nikanunua namba sita iliyopigwa muhuri wa saba. Miaka ya themanini namba saba ilikuwa nyuzi 35 na zaidi. Viwanda vimekuwa vikiipunguza taratibu, na sisi tunashangilia kwamba tumepata nguvu uzeeni.

Fimbo za zamani nikamuuzia kedi wangu, kijana mrefu kama mlingoti, aliyenibebea begi miaka mitano. Hakuwa na pesa taslimu, kwa hiyo tukakubaliana nimkate kidogo kidogo kwenye ujira wake. Hebu fikiria picha hiyo: ananibebea seti mpya begani huku akilipia ya zamani. Nilijiona mfadhili.

Kilichofuata nitakifupisha maana hakina utamu. Mpira ukarudi kulia. Nikamlipa mwalimu miezi minne. Handikapu 11 ikawa 14, ikawa 16. Kibaya zaidi, weji (fimbo ya mapigo mafupi) ya kwenye seti mpya ilikuwa nyuzi 43, na weji ya mchangani niliyonunua kando ilikuwa 56. Fimbo moja na inayofuata zikipishana nyuzi nne au tano, unapumua. Mimi nilikuwa na pengo la nyuzi 13 katikati. Kila nilipobaki na yadi mia, umbali ambao zamani nilikuwa naula kama karanga, nilisimama sijui nipige nusu nguvu au niombe dua.

Kijana aliliona kabla yangu. Siku moja tuko uwanja wa mazoezi akasema, "Samahani mzee, naomba nikuonyeshe kitu." Akachukua kalamu ya wino, akachora mstari wa wima nyuma ya mpira, akaniambia nipige. Wino ukahamia kwenye uso wa fimbo. Mlalo ukikukaa sawa, mstari unatoka umesimama. Wangu ulitoka umelala upande kama mlevi. Akasema taratibu, "Mzee, mkono wako mzima. Tatizo fimbo zinalala."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia abebe begi twende.

Hilo linaniuma kuliko mchezo wenyewe wa Jumamosi. Nimelala nalo usiku mwingi.

Basi, ndugu yangu wa Arusha, swali lako la kubadilisha au kuendelea si swali baya, ila umeuliza kuhusu chuma, na chuma hakina haraka. Kinachochakaa mapema ni vitu vidogo vinavyokizunguka, na kipimo chako wewe mwenyewe.

Anza na gripu, pale unaposhikia fimbo. Mafundi wengi husema zibadilishwe kila mwaka, au kila raundi 40. Sisi wa pwani tunatoa jasho mwaka mzima, zinakauka na kuteleza mapema zaidi. Gripu ikiteleza unakaba fimbo, ukikaba bega linakaza, na bega likikaza utasingizia kila kitu isipokuwa gripu. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ni kazi ya dakika kumi na wengi wetu hatuifanyi.

Kisha weji. Hizi ndizo zinakufa kweli, kwa sababu zinafanya kazi kwenye mchanga na mifereji ya usoni inalika. Watengenezaji wa weji za Vokey wanahesabu kwamba baada ya raundi kama 75 mzunguko wa mpira unaanza kupungua. Ni wauzaji, najua, usimeze yote. Lakini pitisha ukucha kwenye mifereji ya weji yako ya mchangani, kisha upitishe kwenye namba nne usiyoipiga kamwe. Ukucha hautakudanganya.

Aironi zenyewe, zile fimbo za chuma zenye namba, zinaweza kukaa miaka kumi, kumi na tano, bila tatizo. Ila kama ni za chuma laini kilichofuliwa, zipeleke mlalo ukaangaliwe kila mwaka, maana zinapinda kidogo kidogo kwa kupigwa ardhini. Za chuma kigumu cha kumimina, kama zile zangu (zile zake, nizoee kusema), hazipindi ovyo. Shafti za chuma, kagua kutu, hasa ukikaa karibu na bahari.

Draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali? Kelele zote ziko huko na faida ni ndogo. R&A na USGA, wanaosimamia sheria za gofu duniani, walishaweka kikomo: kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460, na uso nao umewekewa mpaka wa kurusha mpira. Hayo yamesimama tangu miaka ya 2000. Tangazo la kila mwaka linaahidi yadi kumi zaidi. Kama lingekuwa kweli, mimi na kitambi hiki ningekuwa napiga yadi mia nne.

Halafu kuna wewe, na hapa nataka unisikilize kama mdogo wangu. Tangu 2019 umeongezeka kilo ngapi? Mgongo ukoje? Bado unazungusha kwa kasi ile? Umebadilisha namna ya kusimama kwenye mpira? Aliyepimwa akiwa katika mwaka wa kwanza wa kujifunza gofu, mkono wake haujatulia, huenda akahitaji kupimwa tena baada ya miaka miwili. Aliyepimwa mkono ukiwa umeshatulia anaweza kukaa na kipimo kilekile miaka mingi. Rudi ukapimwe na fimbo zako mkononi. Mpimaji mwaminifu anaweza kukuambia ukunje mlalo kidogo, au ubadilishe shafti, ukaondoka bila kununua seti. Akikupa fimbo mpya ujaribu, swali la kwanza liwe lofti ngapi, kabla hujaangalia yadi. Na kwa kuwa uko Arusha, kumbuka hewa ya huko juu ni nyepesi na mpira unasafiri mbali zaidi kuliko huku kwetu. Usilinganishe yadi zako na za rafiki wa Dar ukadhani fimbo ndiyo inayoongea. Mlalo na urefu wa fimbo havijali uko mlimani au baharini.

Tunapenda kununua kwa sababu kununua ni rahisi kuliko kujichunguza. Mtu yuko radhi alipe mamilioni kuliko kuambiwa na kedi wake kwamba amekosea. Nasema mtu. Nasema mimi.

Turudi Jumamosi. Baada ya mchezo tulikaa kivulini nikamwomba nizione. Zina zaidi ya miaka kumi sasa. Gripu mpya. Weji amebadilisha mara tatu, na zimepishana nyuzi nne nne kama meno ya kitana. Shafti ya namba nane iliingia kutu, akaweka nyingine. Namba tano aliivunja kwenye mzizi wa mkorosho. Akanakili namba iliyochongwa shingoni mwa fimbo, kiwanda kikatoa nyingine ya vipimo vilevile, ikaletwa na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Mimi miaka minne niliyokaa nazo sikujua hata kama hiyo namba ipo. Leo ana handikapu 5 na anafundisha watoto.

Nikamwomba nipige mpira mmoja kwa namba saba. Ukaondoka wima, ukatua ulipotakiwa kutua. Yadi 148 hivi, kwa mwili huu. Nikapiga wa pili. Wa tatu sikuhitaji.

Nikamwambia anitajie bei yoyote.

"Hapana mzee, hizi siuzi," akasema, akaifuta fimbo kwa taulo na kuirudisha kwenye begi. Akanyamaza kidogo akiangalia begi langu, pale ilipo fimbo ya kusukumia mpira shimoni. "Ila hiyo putta yako, bado unaitumia?"