Wiki moja ya darasa la kwanza: ninavyoipanga na sababu zake

Walimu wenzangu wa darasa la kwanza mnajua hali ilivyo. Azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa mwaka, limejazwa tangu Januari, andalio la somo linaandikwa kila siku kwa kipindi cha dakika 30, na katikati yake ipo wiki, ambayo kwenye makaratasi yetu ni mstari mmoja tu ndani ya jedwali. Nafundisha shule ya serikali wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, darasa lenye watoto 80, na kwa uzoefu wangu wiki ndiyo ya kuwekewa nguvu. Mtoto wa miaka sita hajui muhula ni nini. Wiki anaielewa, mradi iwe na jambo moja analoweza kuliona na kulishika, na kila siku iwe na kazi yake anayoijua. Walimu wanaoanza kazi huniuliza nawezaje na darasa kubwa kiasi hicho. Naandika ninavyofanya, kila mtu achukue kinachomfaa.

Sababu ya madarasa kujaa inajulikana. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 wazazi waliokuwa wakisitasita wakaleta watoto wao shuleni. Ni jambo jema na nalifurahia mpaka leo. Kisha ukaja mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu vimebaki kuwa uti wa mgongo, lakini Kiingereza nacho kinaanza darasa la kwanza. Ratiba imebana. Mwalimu akilitafutia kila somo zana zake peke yake, hata akikesha hazitatosha. Mimi nachagua kitu kimoja cha wiki, na masomo yote yanakula humo humo.

Chukua wiki ya machungwa, ambayo huku kwetu naiweka katikati ya mwaka, msimu unapochanganya. Hakuna mtoto Muheza asiyekuwa na chungwa nyumbani au kwa jirani. Ijumaa ya wiki iliyotangulia nawaambia: kila mwenye nafasi aje na moja Jumatatu. Wanaokuja mikono mitupu siwaulizi kitu, kwa sababu wapo watakaoleta matatu. Machungwa hayo yanahesabiwa, yanapangwa makubwa na madogo, yanachorwa, yanauzwa kwenye duka la darasa, na mwisho yanaliwa.

Kwenye kuhesabu, chungwa linanisaidia kuliko zana yoyote ya kununua. Kabla ya kulimenya nawauliza: ndani mna vipande vingapi? Kila mtoto anasema namba yake, nami naziandika ubaoni zote, hata ya yule aliyesema mia. Kisha tunafungua na kuhesabu pamoja. Mara nyingi vinakuwa karibu kumi, pengine tisa, pengine kumi na kimoja, na hapo tayari somo la makumi na mamoja limeshaingia: chungwa hili limefika kumi, hili limepungukiwa na kimoja, hili limezidisha kimoja. Nimeona watoto walioshindwa kutoa tisa kwenye kumi kwa vijiti wakalipata jibu papo hapo kwa kuangalia kipande kinachokosekana. Baada ya hapo ndipo tunarudi kwenye vijiti vyetu, tulivyofunga kumi kumi kwa kamba za mgomba, na kwenye vizibo vya soda.

Watoto wenyewe huleta maswali ambayo huwezi kuyapanga. Kuna mtoto aliyeona picha ya chungwa la rangi ya machungwa kabisa kwenye kitabu akaniambia, “Mwalimu, hili si chungwa, chungwa ni la kijani.” Yuko sahihi. Machungwa ya ukanda wetu huiva huku ganda likiwa bado la kijani, kwa kuwa ganda huhitaji usiku wa baridi ili kijani kififie na rangi nyingine ijitokeze. Tuliliongea siku nzima. Usiyakate maswali ya namna hiyo kwa sababu ya ratiba. Kipindi cha afya na mazingira kinakuwa kimejifundisha chenyewe.

Jumatatu ni siku ya sauti mpya. Kwa wiki nafundisha sauti mbili, hazizidi, na hazifanani. B na d siziweki jirani hata kidogo, wala ch na sh, wala m na n. Kwenye wiki ya machungwa naweka ch na z. Mtoto anasikia sauti kwanza, anaitamka akiwa na ishara ya mkono, anatafuta maneno yenye sauti hiyo, na baadaye kabisa ndipo anaiona herufi. Maneno wanayatoa wao: chai, chaki, chura, kucha, kichwa. Kisha wanaandika hewani kwa kidole, wanaandika mgongoni mwa rafiki, wanatoka nje kuandika mchangani kwa kijiti. Daftari linakuja mwisho. Mkono uliokwisha kuchora ch mara kumi mchangani hautetemeki ukifika kwenye mstari.

Hapa kuna jambo la kwetu pwani ambalo sikulikuta kwenye mafunzo yoyote. Watoto wetu wengi huenda madrasa, na wengine walianza kabla hata ya awali. Wameshazoea kuandika na kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na wako sahihi, ndivyo kiarabu kinavyoandikwa. Wakifika kwangu, wapo wanaoanzia upande wa kulia wa daftari na kuandika herufi zikitazama kinyumenyume. Mwalimu asiyejua atasema mtoto mzito. Si mzito, ana mwandiko wa pili tayari. Ninachofanya ni kuweka nukta nyekundu pembeni kushoto mwa kila ukurasa kwa wiki za mwanzo, na nyingine pembeni kushoto mwa ubao, nasema: “Huku shuleni tunaanzia kwenye nukta.” Simkemei wala simchanganyi na habari ya kule. Baada ya muda nukta haihitajiki tena, na mtoto anazishika njia zote mbili.

Watoto hao hao wana uwezo mkubwa wa kukariri, na hilo linahitaji jicho. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima wa kitabu bila kosa huku kitabu kimegeuzwa juu chini. Ndiyo sababu Jumanne natumia kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi ya dukani. Watoto sita wanasimama mbele, kila mmoja na kadi: cha, chu, ra, ki, ku, ma. Darasa linawapanga. Chu na ra wakisimama pamoja, chura. Ku na cha, kucha. Cha na ki, chaki. Chu na ma, chuma. Wakishachangamka nawapanga mimi bila kusema: ra na ki. Aliyekariri ananyamaza, anayesoma kweli anasema “raki” halafu anacheka kwa kuwa hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Neno hilo lisilo na maana linanionyesha msomaji kuliko mtihani wa karatasi.

Jumatano huku kwetu ni siku ya gulio. Mahudhurio yanapungua kila wiki, kwa sababu baadhi ya watoto wanabaki kulea wadogo zao au wanafuatana na mama. Mwalimu mkuu anaongea na wazazi, mwenyekiti wa kijiji anaongea nao, na hali inabadilika taratibu. Wakati tunasubiri, mimi siweki jambo jipya Jumatano. Ni siku ya kurudia, kuimba, kuchora na michezo: kuruka kamba, rede, na mdako, ambao kwa kokoto zake na kishimo chake ni hesabu tupu. Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote aliyehamishiwa kijiji kigeni ni huu: kabla hujapanga ratiba ya ndani ya darasa, uliza wiki ya kijiji ilivyo. Gulio lini, mnada lini, maji yanatoka siku gani. Mtoto aliyekosa sauti mpya siku moja anabaki nyuma wiki nzima, wakati aliyekosa kuruka kamba hajapoteza kikubwa.

Alhamisi ndiyo siku ninayoipenda. Tunafungua duka. Meza yangu inasogezwa pembeni, juu yake panapangwa machungwa, maboksi matupu ya majani ya chai, mifuko ya chumvi iliyokwisha, vipande vya sabuni. Kila bidhaa ina karatasi yenye jina lake na bei, na walioandika ni wao. Hela tumezikata kwenye maboksi: hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Kundi moja linauza, mengine yananunua, na asiyeweza kusoma jina la anachokitaka hauziwi mpaka asaidiwe na mwenzake.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwahi kutoa sauti darasani. Ukimwuliza anaangalia miguu. Kundi lake lilipopewa zamu ya kuuza, akaja msichana mmoja na kikapu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Machungwa bei gani?”

“Mia mia.”

“Naomba matatu. Nipunguzie, baba, watoto wana njaa.”

Akamwangalia, akatazama machungwa, akasema, “Matatu mia tatu. Leta hela kwanza.” Msichana akatoa mia tano. Mtoto akahesabu kwa vidole chini ya meza, akarudisha mia mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sikusema neno. Bibi yake, nilikuja kujua baadaye, anauza stendi, na kila jioni mjukuu huyu ndiye anayeshika hela. Alikuwa anajua kutoa na kujumlisha kabla sijamfundisha, ila hakuna aliyewahi kumwuliza kwa lugha ya kazi yake. Tangu siku hiyo nikitaka kumfundisha hesabu mpya naanza na machungwa, kisha ndipo tunaandika alama ubaoni.

Ijumaa shule yetu inatoka mapema kwa ajili ya swala, kwa hiyo sijazi mambo. Tunasimulia. Kila kundi linaeleza lilichofanya wiki hiyo, tunasoma pamoja sentensi tatu au nne nilizoandika kwa maneno yao wenyewe, tunagawana machungwa na kufagia. Mtihani wa kila Ijumaa niliuacha, kwa sababu kusahihisha karatasi 80 kulikuwa kunanila Jumamosi na Jumapili bila kuniambia nani amekwama wapi.

Badala yake nasikiliza watoto 16 kwa siku. Siku tano, watoto 80, hakuna anayerukwa. Wenzake wakiwa wanaandika au wanakunywa uji, namwita mmoja mmoja pembeni, hata dakika moja inatosha: nionyeshe sauti hii, unganisha hizi mbili, soma neno hili, nihesabie vizibo hivi. Nina daftari dogo lenye majina na alama tatu tu. Ameshika, anakaribia, bado. Wale wa “bado” nawachukua wachache wachache kabla ya kengele ya asubuhi, na siwakalishi pamoja darasani. Makundi yangu yanaitwa Maembe, Mananasi, Mapapai na Machungwa, na kila kundi lina mchanganyiko. Watoto ni wepesi mno kujua kundi la “wasiojua” hata ulipe jina zuri namna gani, na aliyewekwa humo anajikunja.

Nimetaja uji, niseme kidogo. Wazazi wetu wanachangia mahindi na sukari kwa hiari yao, kamati inasimamia, na siku uji ukikosekana kipindi cha saa nne kinakuwa kigumu kwa wote. Kama shule yako haina, anza na mazungumzo kwenye mkutano wa wazazi kabla hujanunua kadi wala chati.

Kwa wazazi nina ombi moja dogo ninalolirudia kila mkutano. Jioni msimwulize mtoto amepata ngapi, mwulizeni leo mlikuwa na sauti gani, na mwambieni atafute vitu vitatu vya humo ndani vyenye sauti hiyo. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya kazi hii sawa na mwalimu, akiwa anapika. Kuna akina mama waliokuja kuniambia kuwa wameanza kuzijua herufi kwa kufundishwa na watoto wao.

Watoto wakishaondoka Ijumaa nakaa nusu saa na azimio la kazi, natafuta kitu cha wiki inayofuata kisichogharimu hela. Maji, udongo, majani, nguo, kuku, baiskeli, mvua ikiwa ni masika. Nachagua sauti mbili zinazoendana nacho, naandika maneno kumi ambayo watoto wenyewe huyatamka, nakata kadi zinazopungua, na naangalia ni watoto gani 16 wa Jumatatu. Wiki ijayo ni ya maji, sauti zetu ni j na y, na nimeshawaambia kila mmoja aje na chupa tupu yenye kifuniko.