Seva 40, mafundi wawili: tuchukue Ansible, Puppet, Chef au Salt?

Swali: Habari mhandisi. Kazini kwetu Upper Hill, Nairobi, tunatunza seva kama 40 za Linux, nyingi ni Ubuntu na chache za zamani ni CentOS 7. Nusu ziko kwenye kituo cha data Barabara ya Mombasa, nyingine ziko kwenye wingu, Cape Town. Tuko wawili tu, na kila seva mpya tunaiandaa kwa mkono tukifuata faili la Word. Bosi anataka kazi hii ijiendeshe. Kati ya Ansible, Puppet, Chef na Salt, mifumo ya kuandaa seva kiotomatiki, tuchukue upi?

Jibu: Chukueni Ansible, kwa sababu mko wawili. Haina ajenti (programu inayokaa kwenye kila mashine) wala seva kuu ya kutunzwa; inaingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali ambayo tayari mnayo, na kwenye seva inayoandaliwa inahitaji lugha ya Python tu. Puppet kwa kawaida inataka seva yake, ajenti kwenye kila mashine, na vyeti vya kuzitambulisha mashine hizo. Chef nayo inataka lugha ya programu ya Ruby. Kama hakuna kati yenu anayeijua, ipiteni. Salt ina kasi kweli, lakini seva yake kuu husikiliza kwenye poti 4505 na 4506, na mwaka 2020 zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilivamiwa kupitia udhaifu ulioruhusu amri kupita bila nenosiri. Mfumo wa namna hiyo unataka mtu wa kuuangalia kila siku, na ninyi hamna mtu huyo.

Kitakachowasumbua hasa ni lile faili la Word. Wengi huchukua kila amri iliyomo na kuibandika kwenye moduli ya shell, kipande cha Ansible kinachoendesha amri ghafi, wakadhani wamemaliza. Tuseme mnataka kumzuia root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiingie kwa SSH, mkaandika amri ya echo inayoongeza mstari wa PermitRootLogin no mwishoni mwa /etc/ssh/sshd_config. Mkiendesha mara kumi, mistari ni kumi. Baya zaidi, sshd (programu ya seva inayopokea SSH) hufuata thamani ya kwanza inayoikuta, kwa hiyo kama juu kuna PermitRootLogin yes, root ataendelea kuingia na ninyi mnadhani mmemfungia. Tumieni moduli ya lineinfile yenye regexp (ruwaza ya kutafutia maandishi) inayoushika mstari uliopo na kuubadilisha pale pale, kisha ongezeni validate: '/usr/sbin/sshd -t -f %s', inayolikagua faili kabla ya kuliweka. Faili likiwa na kosa la uandishi, halitawekwa. Kwa seva iliyo Cape Town hilo si anasa, maana ukijifungia nje huwezi kushuka Barabara ya Mombasa ukachomeke kibodi. Halafu endesheni maagizo yale yale mara ya pili: lazima mwone changed=0, yaani hakuna kilichobadilishwa. Msipoiona, kazi haijaisha.

Puppet inawashinda mahali pamoja. Ajenti wake hurudi kila dakika 30 na kurekebisha kilichochezewa, ilhali Ansible hulala mpaka mtu aiamshe. Mwenzako akibadilisha kitu usiku kwa mkono, hutajua. Wekeni cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, ya kila usiku inayoendesha Ansible kwa --check --diff, yaani ioneshe tofauti bila kubadilisha chochote, na kuwatumia matokeo. Kumbukeni kwamba kazi za shell kwa kawaida hurukwa kwenye --check. Sababu nyingine ya kuzikwepa.

Kwa mashine za Cape Town, wekeni huko huko mashine ndogo ya kuendeshea Ansible. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona jinsi intaneti inavyoweza kukokota. Hutaki mabadiliko yakatikie njiani. Tumieni pia mpangilio wa serial, unaoshughulikia seva kwa zamu, mbili mbili, msije mkaziangusha zote kwa pamoja. Kuiumba mashine yenyewe kwenye wingu ni kazi ya zana kama Terraform au OpenTofu, Ansible inaingia ikishawaka.

Hizo CentOS 7 zitawakwamisha. Zina Python 2.7, na ansible-core (kiini cha Ansible) toleo la 2.17 iliacha kuitambua, kwa hiyo bakini na 2.16 mpaka mzihamishe. Na zihamisheni: ziliacha kupata marekebisho ya usalama Juni 30, 2024, na hakuna mfumo kati ya hii minne utakaoliziba pengo hilo.

Manenosiri yasikae wazi kwenye Git, mnakohifadhi maagizo yenu. Yafungeni kwa Ansible Vault, zana ya kuyasimba, na nenosiri la Vault mlijue wote wawili, mmoja akienda likizo mwingine asikwame.