Ukitaka watu wazungumzie kifo, usiwatundikie bafta nyeupe

Mimi ni fundi maandishi hapa Kigoma. Naandika majina ya mitumbwi, bei kwenye kuta za maduka, na misalaba. Msalaba wenyewe ni kazi ya robo saa: mbao imepakwa nyeupe, herufi nyeusi, jina, kuzaliwa, kufa. Kinachokula muda ni huo mstari wa katikati. Wafiwa wanakuja na karatasi yenye jina na tarehe ya kufa, nauliza kuzaliwa, wanatazamana. Mmoja anatoka nje kumpigia shangazi Kasulu. Shangazi anasema, alizaliwa mwaka wa njaa. Njaa ipi? Huku jeneza limeshapakiwa na brashi inanikaukia mkononi. Nimeandika misalaba mingi yenye nafasi tupu, na mmojawapo ni wa baba yangu.

Kwa baba hatukukosa mwaka tu. Mwili ulikaa mochwari siku mbili baba wadogo wakivutana, hawa wanataka azikwe kijijini alikozaliwa, wale wanataka mjini alikojenga. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe. Na ungemuulizaje? Mzazi mzima wa afya ukimuuliza atazikwa wapi, utaambiwa unamchuria, au umeshaanza kupima viwanja vyake.

Baadaye nikasikia habari za msanii wa Marekani, Candy Chang. Mwaka 2011, baada ya kufiwa na mtu aliyempenda sana, alichukua ukuta wa nyumba iliyotelekezwa mtaani kwake New Orleans, akaugeuza ubao, akaandika mara nyingi sentensi ambayo haijaisha: kabla sijafa nataka... Akaacha chaki hapo. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa, na mpaka leo kuta za namna ile zimepita 5,000 katika nchi zaidi ya 75. Nikasema hii si ndiyo kazi yangu?

Nikanunua bafta mita sita, nikaitundika kati ya miti miwili karibu na soko la Mwanga, nikaweka kopo la rangi na brashi. Bibi mmoja akasimama na kikapu chake, akaitazama juu mpaka chini.

"Sanda ya nani hii, baba?"

Nikamwambia si sanda, ni sanaa. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akaenda zake. Kufika saa sita nilishaona watu wanapita kwa adabu, wamevua kofia, na mzee mmoja akanipa shilingi 2,000 akiuliza daftari la rambirambi linashikwa na nani. Niliikunja ile bafta kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri ni hilo: angalia kitu unachowawekea watu mbele. Kiwe ni kitu wanachokiona kila siku, wanachoweza kukiegemea.

Mimi nilikipata mwaloni Kibirizi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika wanakofikia wavuvi: mtumbwi mbovu uliopinduliwa mchangani, ambao wavuvi walikuwa wanaukalia wakishona nyavu. Mwenyewe alikubali niupake rangi nyeusi ubavu mmoja. Nikangoja mbalamwezi. Hizo siku dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mwaloni kunakuwa na watu wengi wasio na haraka. Nadhani hili lilisaidia kuliko ufundi wangu wote.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa viongozi wa mwalo, kwa katekista na kwa shehe. Usiruke hatua hii, maana neno "uchuro" likishaanza kutembea mtaani hulikamati tena. Nilimwogopa zaidi shehe, kumbe ndiye aliyenielewa haraka. Akanikumbusha kwamba Mtume alihimiza Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Sharti lake lilikuwa moja tu, watu wasipigwe picha.

Sasa swali. Siku ya kwanza niliandika lile la New Orleans kama lilivyo, na majibu yakaja chungu nzima: niende Makka, nijenge nyumba ya bati, Yanga wafungwe tano. Watu walicheka sana, nami nikacheka. Lakini hapo hakuna aliyekuwa anazungumzia kifo, walikuwa wanazungumzia hela. Usiku nikafuta, nikaandika upya mistari kumi na mbili: "Nikiondoka, msigombanie..."

Asubuhi kukawa kimya. Watu wanasoma, wanakaa. Halafu mvuvi mmoja wa makamo akaomba chaki, akaandika taratibu kwa herufi kubwa: INJINI. DENI LIMEISHA, RISITI IKO KWENYE SANDUKU LA MAMA YENU. Wenzake wakamgeukia: kumbe umemaliza kulipa? Wewe mbona wanao hawajui? Mazungumzo yakaanzia kwenye risiti, na mpaka mchana walikuwa wanasimuliana misiba waliyogombana. Kinamama waliokuwa wanaanika dagaa wakasogea. Mmoja akaandika "kanga zangu", mwingine akamchorea mshale: "kanga ngapi?"

Penye "mahali pa kunizika" ndipo palipowaka moto. Kijana mmoja wa Ujiji akasema msishangae, hata Livingstone wetu, yule mmisionari Mzungu aliyekaa Ujiji, walimgawa. Na ni kweli. Alifia Chitambo mwaka 1873, nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo ukazikwa palepale chini ya mti, mwili watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakaubeba hadi pwani, ukaenda kuzikwa London. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Sasa huyo ukimtembelea unaanzia wapi?"

Usiruhusu majina. Mimi nilichelewa, siku ya tatu mtu akaandika deni la jirani na jina lake, ugomvi ukaanza nami nikaufuta kwa mkono. Pia awepo mtu mzima wa kukaa tu pale, mwenye masikio. Alikuja mama ambaye mwanawe alipotelea ziwani na hakuonekana. Hakuandika kitu. Alikaa karibu nusu siku ameweka kiganja kwenye ubao wa mtumbwi, na dada mmoja muuza chai akakaa naye. Mimi nisingejua la kufanya.

Jambo jingine, waambie watu wazi kwamba maneno ya chaki si wosia. Mvua ya jioni moja ilifuta nusu ya mali za Kibirizi. Wosia unaandikwa, unawekewa saini na mashahidi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuutunza. Kwa Mwislamu cha kuusia hakizidi theluthi ya mali. Ukimpata msaidizi wa kisheria akakaa hapo saa mbili siku ya mwisho, watamzunguka. Wangu walimzunguka mpaka chai ikaisha.

Mama yangu hakuja mwaloni hata siku moja. Aliambiwa na wauza dagaa. Jioni niliporudi nilimkuta sebuleni na kitambulisho chake cha taifa mkononi, amevaa miwani.

"Hiki wamekosea," akasema. "Wameandika 1955. Mimi ni wa 1952. Wewe ndiye utakayeandika, uandike 52."

Nikamwambia sawa mama. Akaniuliza kama nimekula.