Re: Kibana springi cha ndoano mbili kinatosha kubadilisha shokapu za mbele?

Ndugu, umeuliza kama vibana springi vya ndoano, yaani vifaa vya kubania springi ya shokapu ili uifungue, vinatosha vikiwa viwili viwili kubadilisha shokapu za mbele. Vinatosha, ila nakusihi usinunue vyembamba visivyo na pini za usalama. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya mamia ya kilo, na ndoano ikiteleza hupati nafasi ya kukwepa. Kama unaweza kuazima au kukodi kile cha kusimama, kinachoshika shokapu nzima, chukua hicho.

Ukitumia vya ndoano, vifunge vitazamane, kimoja kila upande, na vishike mizunguko mingi ya springi kadiri inavyowezekana. Paka grisi kwenye nyuzi za boliti kwanza. Kisha kaza kwa zamu: mizunguko miwili mitatu ya spana huku, halafu kule. Ukikaza upande mmoja tu springi inapinda kama upinde, na hapo ndipo ndoano huchomoka. Tumia spana ya mkono. Mashine ya kufungulia nati inaharibu nyuzi haraka sana.

Usibane mpaka mwisho. Springi ikianza kucheza kwenye kikalio chake, inatosha.

Nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse kabla ya hapo. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke! Na muda wote usiweke uso wala kifua mbele ya ncha za springi.

Wakati wa kurudisha, hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake kabla hujalegeza, tena kwa zamu.