Kutafuta Mgahawa wa Kichina Ulio Mzuri na Usio Ghali Katika Mji Mgeni

Ninapofika katika mji nisioujua na kutaka chakula cha Kichina, jambo la kwanza ninalochunguza ni jimbo ambalo mapishi ya mgahawa husika yanatoka. China haina jiko moja. Watu wa Sichuan hupenda pilipili kali, wakaichanganya na punje zinazotia ganzi mdomoni. Watu wa Guangdong hupika samaki kwa mvuke na kumtia viungo vichache tu. Na Lanzhou, makao makuu ya jimbo la Gansu, inajulikana kwa tambi zinazovutwa kwa mkono na kuliwa ndani ya supu ya nyama ya ng'ombe. Mgahawa unaodai kuyaweza yote hayo, na kuongeza sushi ya Kijapani juu yake, huwa naupita, kwa kuwa ni vigumu kwa jiko dogo kuandaa vyakula mia mbili bila kutegemea sosi za viwandani na vitu vilivyogandishwa. Menyu fupi inayotaja jimbo lake waziwazi hunipa matumaini zaidi kuliko taa nyekundu na sanamu za joka mlangoni.

Kuhusu mahali pa kutafuta, mitaa ya katikati ya mji ina kodi kubwa za pango, na anayezilipa hatimaye ni mlaji. Mtaa wa kale wa Wachina nao si lazima uwe chaguo bora, maana mara nyingi wahamiaji wapya huenda kuishi kwingine penye nyumba za bei nafuu na kufungua migahawa hukohuko. Ndivyo ilivyotokea New York, ambako eneo la Flushing limekuwa kitovu kikubwa cha chakula cha Kichina mbali na mtaa wa zamani wa Manhattan. Mimi huanza karibu na vyuo vikuu vyenye wanafunzi wengi kutoka China, kisha kwenye maduka yanayouza mboga na viungo vya Asia. Muuza duka hula chakula cha mchana mahali fulani kila siku, na ukinunua kitu kidogo ukamuuliza kwa adabu, mara nyingi atakuelekeza vizuri.

Maoni ya mtandaoni ninayasoma kwa hadhari. Nyota chache zilizotolewa kwa sababu ya mhudumu asiyetabasamu au meza zilizobanana hazinielezi lolote kuhusu karai la jikoni. Picha zilizopigwa na wateja wenyewe zina faida zaidi: mboga zenye rangi ya kijani kibichi ni dalili njema, ilhali kila sahani ikiwa imezama katika mchuzi uleule mzito wa kahawia, natafuta kwingine.

Siku ya kwanza naenda mchana wa siku ya kazi, wakati migahawa mingi huuza sahani ya wali na kitoweo kwa bei ya chini kuliko jioni. Ninaagiza chakula rahisi ambacho hakina mahali pa kuficha udhaifu, kama vile mboga za majani zilizokaangwa na kitunguu saumu. Karai likiwa na moto wa kutosha, mboga huiva upesi na kubaki ngumu kidogo zinapotafunwa. Likiwa na moto hafifu, hutoa maji na kulegea. Anayependa pilipili na ajaribu mapo tofu, yaani vipande laini vya tofu ya soya katika mchuzi wa pilipili na zile punje za ganzi, katika mgahawa wa Sichuan: isipotia ganzi hata kidogo, mpishi amewapunguzia wageni makali.

Msomaji anayekula halali atafute maandishi 清真 mlangoni, ambayo ni ya kawaida kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou, kwa sababu wengi wa wapishi wake ni Waislamu wa jamii ya Wahui. Kwingineko ni busara kuuliza, kwani mafuta ya nguruwe yanaweza kuwamo hata katika sahani ya mboga.

Gharama pia hutegemea idadi yenu. Vyakula vingi vya Kichina huwekwa katikati ya meza vikaliwa kwa pamoja, hivyo watu wanne wakiagiza sahani tatu au nne na wali, kila mmoja hushiba kwa fedha kidogo kuliko mtu aliye peke yake anayetaka kuonja viwili. Ukiwa peke yako, bakuli la tambi ndilo linalokufaa. Uliza pia kama chai inalipiwa, kwa sababu baadhi ya migahawa ya Kikantoni, yaani ya mapishi ya Guangdong, huitoza kwa kila mtu aliyeketi mezani, awe ameinywa au hakuinywa.